Darasa Lililozoea Kuitikia

Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho. Nilikuwa nimemaliza kueleza tofauti ya fani na maudhui, vumbi la chaki limenijaa mkononi mpaka kwenye mkanda wa saa, na jua la Morogoro linapiga madirisha ya upande wa magharibi. Nikauliza swali ambalo nimeliuliza kila siku ya kazi kwa miaka kumi na saba: "Mmeelewa?" Wanafunzi sitini na wawili wa Kidato cha Tatu wakajibu kwa pamoja, sauti ikipanda na kuvutwa mwishoni: "Ndiyooo, mwalimu." Nikawapa zoezi, nikakusanya madaftari, kengele ikalia.

Jumapili jioni nikayasahihisha. Kati ya wale sitini na wawili, walioelewa walikuwa tisa.

Mwalimu yeyote anayesoma hapa ameshaipitia Jumapili ya aina hiyo, kwa hiyo sitasema nilishangaa. Kilichonigusa safari hii ni kitu kingine. Nilikuwa nimekaa uwani, kalamu nyekundu mkononi, madaftari yamepangwa juu ya kigoda, na kijana wa jirani anaosha pikipiki yake huku amefungulia nyimbo za zamani. Ukaja wimbo "Ndio Mzee" wa Professor Jay.

Kwa waliozaliwa juzi: wimbo huo ulitoka mwaka 2001. Ni mkutano wa kampeni uliotiwa ndani ya wimbo. Mgombea amesimama jukwaani anamwaga ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyoitangulia, mpaka anafika mahali pa kuahidi kwamba wanafunzi watakwenda kufanya mazoezi yao ya sayansi mwezini. Na umati, kila anapouliza, unamwitikia: ndio mzee. Mwaka ule nilikuwa kijana. Niliuimba na kuucheka kama wenzangu wote, na sote tulijua unamsema nani. Ilipita zaidi ya miaka ishirini ndipo nikasikia kwamba unanisema na mimi. Darasa langu lilikuwa mkutano wa kampeni. Nilisimama mbele, nikasema niliyokuwa nayo, nikauliza swali lenye jibu moja tu linaloruhusiwa, nikaitikiwa, nikaondoka nimeridhika.

Niliacha kusahihisha. Yale madaftari yalilala kwenye kigoda mpaka giza likaingia.

Katika vitabu vyetu vya Kiswahili tunafundisha neno kibwagizo. Wanamuziki wa dansi wao husema kiitikio, na nakiri kwamba neno lao nalipenda zaidi, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyeita na mtu aliyemjibu. Kwenye dansi letu kuitikia ni kazi kubwa. Sikiliza bendi ya Mlimani Park ya miaka ya themanini, wakati waimbaji wake Hassan Bitchuka na Muhiddin Gurumo wakipokezana sauti: wimbo unaanza taratibu, kisa kinasimuliwa ubeti kwa ubeti, gitaa la solo linatamka jambo, saksafoni na tarumbeta zinalijibu. Kisha chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, linaingia na waitikiaji wanashika usukani. Hapo hawamkubalii mwimbaji tu. Kuna nyimbo ambamo wanamuuliza, zipo ambamo wanampa pole, na zipo ambamo wanamwambia wazi kwamba kosa ni lake. Mwimbaji anayejibiwa hivyo hulazimika kuimba vizuri zaidi, maana waliomzunguka wanasikiliza anachosema.

Haya sikuyasoma chuoni. Niliyapata kwa baba yangu mdogo, aliyepiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ya baa hapa hapa mjini. Na Morogoro, kwa asiyejua, si mji wa kubeza kwa muziki. Ndiko alikotoka Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na ndiko Mbaraka Mwinshehe alikojengea jina akiwa na Morogoro Jazz, mpaka wakaenda kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na mimi nikazaliwa miaka minne baadaye, lakini nilikua nikisikia watu wakimtaja kama ndugu aliyesafiri. Hata bendi ndogo za mji huu zilibeba fahari hiyo.

Likizo za shule baba mdogo alinichukua kwenye mazoezi. Yalifanyika asubuhi, baa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu bado ina maji ya deki na harufu ya bia ya jana. Mpiga tumba aliwasha gazeti nje ya mlango, akaupitisha uso wa ngoma juu ya ule moto, akaugonga kwa vidole, akasikiliza, akaurudisha tena motoni. Nilitumwa kushika magazeti. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza katika muziki na ndiyo ya mwisho.

Siku moja mwimbaji wao mmoja alikuja na wimbo mpya, ameuandika kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la mwanawe. Akauimba peke yake, bila chombo. Alipomaliza pakawa kimya. Kisha mpiga besi akasema, "Kaka, mistari mirefu. Wewe unaishiwa pumzi, na sisi hatuna pa kuingilia." Yule mtunzi akabisha. Wakabishana kweli, sauti zikapanda. Halafu akakaa juu ya kreti la soda, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kukata maneno moja moja huku akiyatamka kwa sauti ya chini. Alipouimba tena, ridhimu ya baba mdogo ikapata mahali pa kuingia, na besi ikafuata.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilishawahi kuona watu wazima wakikosolewa mbele za watu. Kwa kawaida aliyekosolewa alinuna, au alipigana, au aliondoka. Huyu alibaki, akapangusa jasho, akakata maneno yake mwenyewe.

Bendi kubwa zilifanya vilevile. Mtunzi alileta maneno na sauti, kisha kila mpiga chombo akatafuta njia yake ndani ya wimbo, kwa hiyo wimbo uliokuja kuitwa wa fulani ulikuwa umepita katika mikono ya watu kumi. Ukapelekwa ukumbini, ukapigwa wiki baada ya wiki mbele ya wapenzi wa bendi. Wao hawakuwa na adabu ya kupiga makofi kwa kila kitu. Wimbo usioeleweka uliwarudisha vitini. Uliokubalika ndio uliopelekwa kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na huko nako maneno yake yalipitiwa kwanza. Hivyo wimbo tunaousikia leo ukiwa mzima na laini ulishasahihishwa mara nyingi, na waliousahihisha wengi hawakushika kalamu.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote katika historia ya dansi. Michael Enoch, aliyepata jina la King Enoch kwa solo yake akiwa Dar es Salaam Jazz, baadaye alikuja kuiongoza Mlimani Park. Vijana waliopita mikononi mwake walimwita Ticha. Hakuwa na darasa wala chaki. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa anapiga pamoja nao, na kosa la mwanafunzi wake lilisikika ukumbini sambamba na sauti ya chombo chake mwenyewe.

Sasa linganisha na insha. Mwanafunzi wangu anaandika insha mara moja, usiku, kwa tochi ya simu. Anainakili, anaileta, naigonga alama nyekundu, naandika "Jitahidi", namrudishia. Hairudiwi. Hakuna anayeisoma isipokuwa mimi, nikiwa nimechoka, Jumapili, uwani. Ningemfanyia hivyo mtunzi wa baba mdogo, wimbo wake ungebaki kwenye karatasi ile iliyochanwa.

Basi Jumatatu nikaenda darasani na spika yangu ndogo ya kuchaji. Sikuwaambia lolote kuhusu madaftari. Nikawapigia "Ndio Mzee" mpaka mwisho. Wengi waliujua kutoka kwa baba na mama zao, wakauimba. Nikauzima. Nikauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu."

Kisha kikatokea kicheko kimoja kutoka dirishani, cha msichana aliyeziba mdomo kwa mkono. Wa pili akacheka. Kikapita kama upepo kwenye mahindi, mpaka darasa zima likawa linacheka, na mimi nimesimama pale nikijua kwamba hakuna maelezo ninayodaiwa tena. Nikawaambia walioelewa zoezi la Ijumaa walikuwa tisa. Nikawaambia kosa ni langu, kwa sababu niliuliza swali la mgombea.

Professor Jay hakuishia kwenye "Ndio Mzee". Alitoa na wimbo uliofuatia kisa kile, "Kikao cha Dharura", ambamo wananchi waliokuwa wanaitikia wanakutana wenyewe kuzungumza. Nikawapa kazi hiyo: gawanyikeni katika bendi nane, kila bendi ifanye kikao chake cha dharura kuhusu shule hii, kisha itunge wimbo. Kila bendi iwe na mtunzi, waitikiaji, na mtu wa kushika mapigo. Masharti yalikuwa mawili tu: jambo liwe la kweli, na wimbo lazima upigwe mbele ya bendi nyingine kabla ya kuletwa kwangu.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa na kelele nyingi, na walimu wenzangu wa madarasa ya jirani walinivumilia kwa upendo ambao sijaulipa. Bendi moja ilitunga kuhusu vyoo vya wasichana visivyo na maji. Nyingine kuhusu mwalimu anayeingia na simu na kutoka na simu, nikanyamaza na kujiuliza kama ndiye mimi. Lakini nitasimulia bendi moja tu.

Mshika mapigo wao alikuwa kijana ambaye tangu Kidato cha Kwanza sikuwahi kumsikia akijibu swali kwa hiari. Aligonga kwa mgongo wa rula kwenye ukingo wa dawati, na kwa kiganja cha kushoto akatafuta sauti nzito katikati ya mbao. Nilimtazama kwa muda mrefu. Hakutazama waimbaji, alitazama rula. Katikati ya ubeti wa kwanza waimbaji wakaanza kukimbia, kama watu wanavyokimbia wakiwa na hofu, na yule kijana akaacha kugonga. Wimbo wote ukasimama. Wakamgeukia. Akasema neno moja: "Mmekimbia." Wakaanza upya.

Baba mdogo alikuwa akisema kwamba ridhimu husikika siku ikikosekana. Nilidhani ni maneno ya mpiga ridhimu anayejipendekeza. Sasa najua kila shule ina watoto wa ridhimu, na sisi walimu, tunaopenda mikono inayonyooshwa juu, tunapita muhula mzima bila kuwasikia.

Wimbo wao ulihusu chakula cha mchana. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ada haipo, lakini chakula kwa shule za kutwa kama yetu kinategemea makubaliano na wazazi. Kikao cha wazazi kilikuwa kimekubali debe la mahindi na kilo tano za maharage kwa kila mtoto. Waliotimiza hawakufika nusu. Kwa hiyo saa saba mchana waliochangiwa walikwenda kula makande, na wengine wakakaa chini ya mwembe mpaka wenzao watoke. Nilikuwa nimeuona mwembe ule kila siku na nimeshauzoea. Wao wakauimba:

Saa saba ikigonga, wenzetu wanaingia,
Sahani zao zalonga, nasi nje twazisikia.

Na kiitikio chao kilikuwa swali: "Debe, debe, debe liko wapi?"

Ubeti wa pili ndio ulioniamsha:

Harusi mwachanga laki, na sare mwajishonea,
Debe moja hamtaki shuleni kutuletea.

Walipoupiga mbele ya bendi nyingine, darasa likalipuka kwa shangwe. Kila mtu anajua kadi za michango ya harusi zinavyozunguka mtaani kwetu. Kisha msichana mmoja wa bendi nyingine akasimama na kusema, bila hasira, "Mama yangu hachangii harusi ya mtu. Hana debe kwa sababu hana. Na nyie mmemwimba pamoja na wenye sare." Pakawa kimya, kama kile cha baa asubuhi ile. Mtunzi akajaribu kubisha kidogo. Kisha akakaa, akafungua daftari. Siku iliyofuata wimbo ulikuwa na ubeti wa tatu, unaomwambia asiye na debe asione haya, aje na kuni, au aje na mikono yake jikoni, mtoto wake atakula. Ubeti ule haukutoka kwangu. Mimi ningeupa wimbo alama nzuri ukiwa na beti mbili.

Najua wapo watakaoniuliza: mwalimu, nyimbo hizi za vijana unazipeleka darasani, huoni zilivyojaa mambo? Naona. Mwanzoni mwa 2023 video ya wanafunzi wa shule ya msingi wakicheza wimbo "Honey" wa Zuchu ilizunguka nchi nzima, walimu wakaingia matatani, na kila mtu akawa na la kusema kuhusu maadili. Mimi nina binti wa miaka kumi na sipigi kila wimbo mbele yake. Lakini katika mjadala ule wote nilisubiri mtu aulize watoto wale wanausikiaje wimbo ule, sikumsikia. Watoto wetu wanazisikiliza nyimbo kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye simu ya kaka. Tukizifungia geti la shule, tutakuwa tumewaacha wazisikilize bila sisi.

Na kunyamazisha kuna gharama ambayo mimi niliilipa kwa mgongo wangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Remmy Ongala alikuwa ametoa "Mambo kwa Soksi". Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kujulikana akiwa na Super Matimila, aliimba kuhusu kondomu wakati Ukimwi unaua na watu wazima wanainamisha macho. Redio haikuupiga. Haikusaidia, maana kanda zilikuwepo, na wimbo ulitoka kwenye baa ya jirani na shule yetu ya msingi hadi kwenye kiwanja cha mpira. Nilimuuliza mwalimu wangu soksi zinazuiaje ugonjwa. Nilikuwa nauliza kweli, nilidhani ni za miguuni. Nilichapwa viboko mbele ya mstari wa asubuhi. Hakuna aliyenijibu. Mwaka ule na ule uliofuata tulizika watu wengi mtaani kwetu, na mmojawapo alikuwa yule mpiga besi wa baba mdogo.

Sitamtaja mwalimu yule wala shule ile, na simchukii. Naye hakuwa na maneno. Remmy alikuwa nayo, na shule ingeweza kuyaazima. Ferooz alipotoa "Starehe" mwaka 2004, kijana aliyeambukizwa akisimulia kilichomfikisha pale, nilikuwa nimeshamaliza shule, na nikaona wadogo zangu wakiusikiliza kwa makini ambayo hakuna bango la afya lililowahi kuyapata. Leo nikifundisha somo lolote linalogusa mwili na maradhi, naanza na swali la mtoto, hata likiwa la ajabu kama langu la soksi.

Nimalizie upande huu kwa wimbo wa zamani zaidi. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuimba, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Katika nyimbo zake upo "Kijiti". Kijiti alimuua mwanamke mjamzito kisha akatorokea bara, na waliotiwa hatiani mahakamani wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti hakuweza kukata rufaa kwa niaba yao. Aliimba, na watu wanaukumbuka mpaka leo, wakati jina la hakimu halimjii mtu yeyote mdomoni.

Nilipowasomea wanafunzi kisa hicho, mvulana mmoja alisema, "Kama dirisha la maabara." Sikuelewa. Wakanieleza. Mwaka uliopita kioo kilivunjwa, mwanafunzi mmoja wa darasa la juu yao akaenda kusema nani kavunja, naye akachapwa pamoja na mvunjaji kwa sababu alichelewa kusema. Tangu siku hiyo, wakaniambia, hakuna anayesema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu wiki ile. Fimbo haikuwa yangu, lakini nilikuwepo. Nikaenda kwa yule mtoto, sasa yuko Kidato cha Nne, nikamwomba radhi mlangoni mwa darasa lake. Akainama, akasema, "Yameisha, mwalimu." Sijui kama yameisha kweli. Najua watoto wetu wamefundishwa vizuri sana kuniambia ninachotaka kusikia.

Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Machi. Nilimwomba mkuu wa shule bendi ile ya rula ipewe dakika tano. Akausoma wimbo kwanza, kama Radio Tanzania ya zamani, akaweka kidole kwenye ubeti wa pili. "Huu utaleta maneno," akasema. "Tutauacha." Nikamweleza kwamba ubeti wa tatu unasimama juu ya wa pili, ukiutoa huu na ule unaanguka. Tukazungumza muda mrefu. Ni mtu mwema, na ndiye anayepigiwa simu na kila mtu mambo yakiharibika. Mwishoni akasema, "Haya. Waimbe wote. Lakini wewe ukae mbele."

Nikakaa mbele. Ukumbi wetu ni madarasa mawili yaliyotolewa ukuta wa katikati, na paa la bati lisilo na dari. Wazazi walikuwa wengi kuliko kawaida, akina mama wamejifunika khanga, akina baba wengi wamesimama nyuma karibu na mlango kama watu wasiokusudia kukaa. Wimbo ulipoanza mvua ikaanza. Mvua za masika za Morogoro huja zote kwa mara moja. Ubeti wa kwanza ulisikika. Ubeti wa pili ulipoanza, bati likaunguruma, na mimi niliyekuwa hatua tatu kutoka kwa waimbaji niliona midomo ikicheza na sikupata neno hata moja. Nilimwona mkuu wa shule akilegeza mabega.

Mvua ikapungua walipokuwa wanafika mwisho. Wazazi wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja wa safu ya nne akasimama, akakaza khanga kiunoni, akasema, "Wanangu, huo wa pili mvua imetuzibia. Turudieni."

Waimbaji wakamtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule akanitazama mimi. Yule kijana hakumtazama mtu. Akagonga rula mara nne.

Wakauimba. Harusi, laki, sare, vyote vilisikika mpaka mlangoni. Hakuna aliyecheka. Wakafika kwenye kiitikio, debe, debe, debe liko wapi, na safari hii wakaacha nafasi baada ya swali, mapigo matupu ya rula, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya mazoezini. Katika nafasi ile sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, karibu na mlango, nzito na ya wazi: "Mimi sina!"

Rula haikusimama. Ikapita mizunguko miwili hivi, kisha waimbaji wote wakageuka kuelekea mlangoni na kuanza ubeti wa tatu.